Hodi Chini ya Maji

Kabla ya kutia mkono baharini, Edina Nyagawa alipiga hodi.

Aligonga kioo kwa ukucha mara tatu, taratibu, kisha akasubiri. Nje ya dirisha ukungu wa Njombe ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya viazi, na bati la jirani lilikuwa jeupe kwa barafu nyembamba ya asubuhi. Ndani, upande wa pili wa kioo, maji yalikuwa ya buluu na ya uvuguvugu, na wimbi dogo lilikuwa likipita kutoka kushoto kwenda kulia, kwa sababu wakati uleule, mbali sana, kwenye mwamba wa Mafia, wimbi kama hilo lilikuwa likipita. Boya lililoelea kule lilipima kila mtikisiko wa bahari na kuutuma hewani. Mashine iliyokaa chini ya meza ya Edina iliupokea na kuuiga. Maji yakijaa kule, na huku yalijaa. Mwezi ukiandama kule, taa ya tangi nayo ilianza upya kwa weupe hafifu, ili matumbawe yasisahau majira yao.

Maharusi walitoka.

Bi harusi alitangulia, kama ilivyo desturi ya samaki wa aina yake, ambao jike ndiye mkubwa na ndiye mwenye amri. Alikuwa wa rangi ya machungwa yaliyoiva, amevaa mikanda mitatu myeupe. Bwana harusi, mdogo na mwenye wasiwasi, alimfuata kwa nyuma. Walitoka katikati ya mikono ya yule mnyama laini anayefanana na ua kubwa, ambaye wataalamu humwita anemoni na wafugaji wa bahari wa Njombe humwita nyumba tu. Mikono ile ilikuwa na sumu ya kumwasha samaki yeyote mwingine. Kwa maharusi ilikuwa pazia.

Walipanda juu hadi kwenye vidole vya Edina na kuanza kuvidonoa.

“Umefanya nini hapo?” sauti iliuliza nyuma yake.

Edina alishtuka. Alikuwa amemsahau mgeni. Bi Mwanakheri, afisa wa Idara ya Marejesho, alikuwa ameketi karibu na jiko la mkaa akiwa amevaa sweta mbili na kujitanda kanga juu ya sweta hizo. Alikuwa ametoka Mafia kuja kuwakagua maharusi, na tangu ashuke kwenye gari jana yake alikuwa hajaacha kutetemeka.

“Nawalisha, mama,” alisema Edina.

“Kabla ya kuwalisha.”

“Nimepiga hodi.”

Bi Mwanakheri alisimama. Alikuja mpaka kwenye tangi, akainama, akawatazama wale samaki wawili wanavyozungukazunguka vidole vya Edina bila hofu yoyote. Kisha akamwomba arudie. Edina alitoa mkono, akangoja maharusi warudi nyumbani kwao, akagonga. Walitoka tena mbio, bi harusi mbele.

“Na wengine?” aliuliza Bi Mwanakheri. “Wafugaji wenzako nao wanapiga hodi?”

Edina hakuelewa swali. Lilikuwa kama kuulizwa iwapo wenzake huvua viatu mlangoni. Alisema kwamba ndiyo, wote, wa Njombe na wa Makete na wa Mufindi. Kwamba mtu akianza kufuga hilo ndilo jambo la kwanza kuambiwa, kuwa maji yale ni makazi ya mwenyewe na huwezi kuingiza mkono kwa watu bila hodi.

Mgeni alirudi kwenye kiti chake, akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu afike hakutetemeka.

* * *

Mtaani kwao walikuwa na mzaha kwamba Edina ameshawatembelea watu wote na hakuna aliyemwona. Alikuwa akifika mlangoni kwa mtu anapiga hodi kwa sauti ya kumwambia mto wa kulalia siri. Anapiga ya kwanza, ya pili, ya tatu; asipoitikiwa anageuka na kurudi kwake, maana hodi tatu zikikosa jibu adabu inataka mtu aondoke. Wenye nyumba walikuwa ndani wakinywa chai. Kazini, katika maabara ya kiwanda cha maziwa, aliishi vizuri na vipimo vyake kwa kuwa maziwa hayasemi kitu. Na jioni alikuwa na bahari.

Nyanda za juu zilipata bahari hizi wakati matumbawe ya pwani yalipoanza kuwa meupe. Maji ya pwani yalikuwa yamepata joto ambalo viumbe wake hawakulizoea, na matangi ya kuwahifadhi kule yalihitaji kupozwa mchana na usiku. Ndipo mtu fulani akakumbuka kwamba kupasha maji moto ni rahisi kuliko kuyapoza, na kwamba kuna miji ambako baridi ni ya bure. Vipande vya mwamba vikapanda malori, vikapita Makambako, vikagawiwa kwa yeyote aliyekuwa tayari kujifunza. Waliojitokeza walikuwa walimu, mafundi viatu, wauguzi, watu ambao wengi wao hawakuwahi kuiona bahari. Walijifunza kuchanganya chumvi, kupima uchachu wa maji, kumjua konokono mla uchafu na konokono mwizi. Walitembeleana Jumapili kuangalia matangi kama watu wengine wanavyotembeleana kuangalia watoto wachanga.

Sasa miaka ilikuwa imepita. Juu ya mwamba wa Mafia, mitambo inayoelea ilirusha ukungu wa maji ya chumvi angani na kutengeneza mawingu, na chini ya kivuli hicho bahari ilikuwa imepoa. Mwamba mpya ulikuwa umepandwa. Ulikuwa na kila kitu isipokuwa wenyeji.

Kundi la kwanza la samaki wa nyanda za juu lilirudishwa mwaka uliotangulia. Walikuwa na afya, wanene, kila jozi na nyumba yake. Mwezi haukuisha nyumba zikawa tupu. Idara ilipima maji, ikatafuta ugonjwa, ikachunguza chakula, haikupata kitu. Baadhi ya watu wa Mafia walisema ndiyo ujue, samaki wa bara ni washamba.

“Kumbe ni wastaarabu kupita kiasi,” alisema Bi Mwanakheri.

Alikuwa akiyasema haya sebuleni kwa Edina, na safari hii kulikuwa na msikilizaji mwingine. Edina alikuwa amemwita Mzee Mligo wa nyumba ya tatu, dereva mstaafu wa lori la magogo, mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini. Maharusi wake walikuwa katika kundi lile la kwanza. Tangu waondoke alikuwa bado analifunika tangi lake blanketi kila jioni, ingawa ndani mlibaki konokono tu.

“Kwenye mwamba kuna samaki anaitwa pono,” Bi Mwanakheri aliendelea. “Pono anakula jiwe, wanangu. Anamega tumbawe kwa meno, ka, ka, ka, kutwa nzima. Ukizamisha kichwa pale ndiyo sauti utakayoisikia kwanza. Na nyuma ya pono hakosekani chewa, ana mdomo kama mlango wa kabati, anasubiri kitakachotimuliwa.” Alilitazama tangi. “Samaki wa mwituni akisikia ka, ka, ka, anajificha. Wa kwenu wanatoka kumpokea mgeni.”

Idara ilikuwa imewauliza wafugaji wote, kabla ya kuwachukua samaki, kama wamewafundisha jambo lolote. Wote walijibu hapana, na walijibu kwa moyo safi. Kupiga hodi si mafunzo. Ni adabu.

Mzee Mligo aliweka kikombe chini.

“Hodi yangu mimi ni kubwa,” alisema. “Bi harusi wangu aliisikia hata pampu ikiwa inanguruma.” Alishusha kofia na kuiweka juu ya goti. “Kwa hiyo walitoka wakidhani ni mimi.”

Edina aliinuka akamwongezea chai, akaongeza na sukari ambayo daktari alikuwa amemkataza.

* * *

Zilikuwapo njia tatu, na Bi Mwanakheri aliziweka mezani bila kumficha Edina kitu.

Ya kwanza ilikuwa kukataa. Sheria ilimpa mfugaji haki hiyo. Maharusi wangezeeka kwenye tangi, wakiwa salama, wakitoka kila wakisikia ukucha kwenye kioo, na mwamba ungeendelea kungoja. Nyumba bila samaki wa kuilinda huliwa na samaki waitwao vipepeo, mkono mmoja mmoja, mpaka iishe.

Ya pili ilikuwa dawa. Wataalamu walikuwa na jina refu kwa ajili yake. Watu waliiita Sahau. Samaki anapojifunza jambo, nyuzi ndogo katika ubongo wake hushikana mahali ambapo hapo kwanza hazikushikana, na kuna gundi ya mwilini inayozidumisha. Sahau iliyeyusha gundi hiyo. Samaki aliogeshwa kwenye bakuli kwa muda mfupi, bila maumivu, akatoka akiwa mpya kama aliyeanguliwa. Idara ilikuwa tayari kuituma hata wiki ileile.

“Atasahau hodi,” alisema Edina.

“Atasahau.”

“Na nyumba yake?”

Bi Mwanakheri alikunja kanga yake magotini. Alisema Sahau haichagui. Samaki ataipoteza hodi na nyumba pamoja, na mwenzake pia. Ataanza upya kuizoea ile mikono yenye sumu, wengine wakafaulu, wengine wakaungua mara moja na wasirudi tena. Na wale waliokuwa maharusi huenda wakatazamana kama wageni na wakapigana. Lakini wengi wangeishi, alisema. Hilo alikuwa na hakika nalo, na lilikuwa jambo la kupimwa vizuri, maana kuwashusha jinsi walivyo sasa kulikuwa kifo tu.

Njia ya tatu aliieleza haraka, kama mtu anayemeza kidonge. Kulikuwa na fimbo nyembamba yenye umeme kidogo. Ukigonga, wakitoka, unawagusa nayo. Ukirudia vya kutosha, hodi inakuwa hofu.

“Maji mafu ya mwezi ujao ndiyo tunawashusha waliobaki,” alisema alipokuwa akiaga. Maji mafu, alimfafanulia, ni zile siku ambazo bahari haijai sana wala kupwa sana, mkondo unalala na kiumbe mdogo anaweza kuushinda. “Nitarudi kabla ya hapo. Uamuzi ni wako, mwanangu. Wewe ndiye uliyewalea.”

Mzee Mligo hakuwa na shaka yoyote. Alisema wapewe dawa. Alisema angekuwa ameipata yeye mwaka jana, angewaogesha mwenyewe na kuwafuta na taulo.

Edina alikaa mbele ya tangi. Alikumbuka jinsi bi harusi, alipokuwa mdogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, alivyoizoea nyumba ile. Siku ya kwanza aligusisha ncha ya mkia tu na kukimbia. Kesho yake mkia wote. Kisha kidevu, kisha ubavu, kila siku akijipaka kidogo ute wa yule mnyama, akiomba kukubaliwa kwa namna yake. Edina alikuwa akichelewa kazini kwa ajili ya kumtazama. Asubuhi samaki alipozama wote katikati ya mikono na kutulia, yeye alipiga makofi peke yake sebuleni, kisha akaona haya. Aliwaza yote hayo yakiyeyuka kwenye bakuli kama sukari. Samaki angekuwa hai. Lakini ni nani hasa angekuwa hai?

Fimbo ya umeme hakutaka hata kuiona. Ila aliwaza kwamba labda hofu yenyewe inaweza kutolewa kwa upole. Alichukua kimia kidogo cha kusafishia tangi, akagonga kioo, na maharusi walipotoka akakitumbukiza ghafla katikati yao.

Bwana harusi alirudi nyuma. Bi harusi alisogea, akakizunguka kimia, akakidonoa, kisha akaingia ndani yake na kutulia, akimtazama.

Edina alikitoa polepole. Hakukirudisha tena majini.

* * *

Jibu lilikuja siku ambayo hakuwa akilitafuta. Alikuwa ameketi jikoni akimenya viazi wakati madirisha yalipotikisika.

“Hodi! Kamwene!”

“Kamwene, mzee. Karibu,” aliitikia Edina bila kuinuka.

“Hodi!”

“Karibu ndani.”

Mzee Mligo alisukuma mlango na kuingia akiwa anapuliza viganja. Alianza kulalamika kabla hajafika jikoni. Alisema dunia imeharibika: mtu mzima anasimama nje kwenye baridi ya kugandisha maziwa ya ng'ombe kiweleni, anagonga mpaka vidole vinakufa ganzi, na mwenye nyumba amekaa tu kwenye kigoda anasema karibu, karibu, bila hata kuja kuchungulia.

“Sasa mzee, ulitaka nitoke mbio nikupokee barabarani?” alisema Edina. Mzee Mligo ndiye mtu pekee ambaye Edina aliweza kumtania, kwa kuwa ndiye pekee ambaye hakumwonea haya. “Anayepiga hodi ndiye anayeingia. Mwenye nyumba anakaa...”

Kisu kilisimama katikati ya kiazi.

“Anakaa wapi?” aliuliza Mzee Mligo.

“Ndani,” alisema Edina.

Aliinuka na kwenda sebuleni na kiazi chake mkononi, Mzee Mligo nyuma yake akiuliza kuna nini, kuna nini. Maharusi walikuwa kwenye nyumba yao, pua tu zikionekana.

“Tumewafundisha nusu,” alisema. “Tumewafundisha kwamba hodi ni jambo jema. Hatukuwafundisha kwamba aliyepigiwa hodi hatoki. Sisi wenyewe hatutoki, mzee. Tumewafanya watoke kwa sababu chakula tunakishika huku juu.”

Mzee Mligo alimtazama, akalitazama tangi, akavua kofia.

“Sasa chakula kiwe wapi?”

* * *

Kwenye maabara ya maziwa kulikuwa na mirija mirefu ya kioo, myembamba kama unyasi. Edina aliomba mmoja uliokuwa na ufa mdomoni. Aliujaza chakula, akauteremsha majini pembeni kabisa mpaka ncha yake ikafika chini, katikati ya ile mikono laini. Ndipo akagonga kioo.

Maharusi walitoka mbio kupanda juu. Walikuta maji matupu. Walizunguka, wakatafuta vidole, hawakuviona. Nyuma yao, ndani ya nyumba yao wenyewe, chakula kilikuwa kinatoka polepole kwenye mrija.

Bwana harusi ndiye aliyeelewa kwanza. Labda kwa sababu hakupenda kutoka tangu mwanzo. Baada ya siku chache, hodi ilipopigwa alitoa kichwa, akafikiri, akakirudisha. Halafu akaacha hata kukitoa: akisikia ukucha kwenye kioo anajizika katikati ya nyumba, ndani kabisa, na kungoja chakula chake. Bi harusi alikuwa mbishi. Alipanda juu kila mara, akasimama pale usoni pa maji akimwangalia Edina kama anayeuliza kosa lake ni nini. Hayo ndiyo yalikuwa magumu. Edina aliweka mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo na kuifumbata, na kumwambia kimoyomoyo ashuke, ashuke, chakula kiko hukohuko chini.

Alijua kwamba huu nao ni mkono wake juu yao. Hakukuwa na njia ambayo ingewaacha kama ambavyo wangekuwa bila yeye; walianguliwa sebuleni kwake, mwezi wao ulikuwa taa. Lakini hii ilikuwa njia ambayo aliweza kuifanya huku wakimtazama.

Wafugaji wengine walipaswa kuambiwa, na wa kuwaambia alikuwa yeye. Walikutana kwenye darasa la shule ya msingi, wamebanana kwenye madawati ya watoto. Edina alizungumza kwa sauti yake, kwa hiyo safu ya mbele ikawa inawarudishia waliokaa nyuma yao, nao wakawarudishia wengine. Maneno yalipofika ukutani yalikuwa yamegeuka kuwa kwamba maharusi wapikiwe ndani. Watu wa nyuma waliona ni sawa, maharusi hupikiwa ndani siku zote, na tangu siku hiyo njia ile ikapata jina lake: kupikia ndani. Mji mzima ukawa unauliza mwenzio umefika wapi, wangu bado anachungulia, wangu ameshatulia, mama mkwe wangu amegonga tangi kwa pete akawaharibia wiki nzima.

Bi Mwanakheri alirudi na sweta tatu na spika ya kuzamishwa majini. Sauti iliyokuwa humo ilikuwa ya pono wa kweli, iliyorekodiwa kwenye mwamba wenyewe. Alisema kwamba samaki atakayetoka ataogeshwa dawa, ama abaki. Hatashushwa baharini kwa huruma ya mtu. Edina alikubali. Aliona ni haki.

Ka, ka, ka.

Bwana harusi alipotea papo hapo. Bi harusi alitoka nusu.

Ile sauti ya meno kwenye jiwe iliendelea. Mzee Mligo, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa kuwa alidai hawezi kutazama, alikuwa anatazama. Bi harusi alibaki hapo, mkanda wake wa kwanza mweupe nje ya pazia. Aliangalia juu, mahali ambapo vidole vilikuwa vikikaa. Edina aliifumbata mikono yake nyuma ya mgongo.

Kisha akageuka, bila haraka, kama mama mwenye nyumba aliyekumbuka kitu jikoni, akaingia.

Bi Mwanakheri aliirudia sauti ile, akaipandisha, akaibadilisha, akagonga mwenyewe kwa funguo. Hakuna aliyetoka.

“Mkaidi huyu bibi,” alisema mwishowe, akifungua daftari la ukaguzi ili kuweka sahihi. “Lakini awe mkaidi ndani kwake.”

* * *

Edina hakuwahi kuiona bahari, lakini alipokaa kwenye boti mwili wake uliijua. Kila wimbi lilipokuja alikuwa ameshaegemea upande wake. Lilikuwa lile lile lililopita sebuleni kwake miaka yote, kutoka kushoto kwenda kulia, ila sasa lilimbeba na yeye. Bi Mwanakheri alimtazama akacheka, akasema wageni wote wa bara hutapika hapa, wewe umezaliwa wapi?

Juu yao mawingu ya mitambo yalikuwa meupe na ya chini, na kivuli chake kilitembea juu ya maji. Mzee Mligo hakuja. Miguu ilikuwa inamsumbua. Asubuhi ya safari alikuwa amemwambia Edina akifika awaambie wale wa kwanza kwamba... Hapo alikatiza, akasema, “Basi. Usiwaambie kitu. Wewe angalia tu kama ni pazuri.”

Palikuwa pazuri. Wapiga mbizi wa Idara walikuwa wameiteremsha nyumba pamoja na jiwe lake na maharusi ndani, na kuiweka kwenye ukingo wa mwamba mpya. Bi Mwanakheri alimvisha Edina miwani ya maji na mrija wa kupumulia, akamfunga boya kiunoni, akamshika mkono kama mtoto. Edina alitia uso majini.

Hapakuwa na kioo. Hilo ndilo lililomshtua. Macho yake yalitafuta kona ya tangi na hayakuipata. Matumbawe yalishuka ngazi kwa ngazi mpaka buluu ikawa nzito. Samaki ambao aliwajua kwa majina, mmoja mmoja, kutoka kwenye matangi ya watu wa Njombe, hapa walipita kwa makundi bila kumjali. Na Bi Mwanakheri alikuwa amesema kweli kuhusu sauti. Ka, ka, ka. Pono mwenye rangi ya shaba ya kijani alikuwa anamega jiwe hatua chache kutoka kwenye nyumba ile, na nyuma yake, katika pango dogo, kulikuwa na mdomo mpana uliotulia.

Mikono ya nyumba iliyumba na mkondo. Hapakuwa na rangi ya machungwa mahali popote.

Pono alimega, akasogea, akamega tena, akaenda zake. Ule mdomo ulingoja kidogo, kisha nao ukafuata.

Edina alikuwa na kijiwe mfukoni, alichokiokota nje ya mlango wake. Alijua hakukuwa na haja. Mtihani ulikuwa umekwisha. Tena kulikuwa na sehemu ya moyo wake, ndogo na isiyo na adabu, iliyotaka wamwone mara moja tu, watoke, wapande juu, wadonoe vidole vyake. Aliishika kamba ya boti kwa mkono mmoja, akanyoosha mwingine, wenye kijiwe, kwenye mnyororo wa nanga.

Alipiga ya kwanza. Ndani ya nyumba kitu kilitikisika kidogo, kikazama zaidi.

Alipiga ya pili. Kimya.

Ya tatu aliipiga kwa namna yake ya siku zote, kwa sauti ya kumwambia mto wa kulalia siri, na kusubiri muda wa kutosha wa mtu kuitika.

Kisha akakiachia kijiwe kizame, na kuondoka kama inavyotakiwa.

Bi Mwanakheri alimvuta akampandisha kwenye boti, akamtupia kanga mabegani. Miwani ilikuwa imejaa maji na haikujulikana ni ya chumvi ipi. Akamuuliza kama wameitika.

“Hapana, mama,” alisema Edina, naye alikuwa anacheka. “Wapo nyumbani.”